Rukia Tu

Somo yangu Bi Rukia,

Najua utasema nimechelewa. Miezi saba, na mimi ndiye niliyekuwa nikikucheka kwa kulikosa basi la saa kumi na mbili asubuhi. Kalamu nimeishika mara nyingi. Mara mbili nilianza kwa Kiingereza, nikaona nakuandikia kama ninavyoiandikia kaunsili ya mtaa, nikachana. Kikachi chetu, lugha yetu ya Kihindi ya nyumbani, hukukijua, ila yale matusi mawili niliyokufundisha mwenyewe. Kwa hiyo nimekaa na Kiswahili. Tena si kile nilichokuja nacho kutoka Tanga, maana kile ulikitupa jaani siku ya kwanza tulipoonana. Natumia hiki ulichonipa wewe, na nikikosea pahala nivumilie.

Habari kwanza. Kiwandani wameleta mkanda mpya, unakwenda mbio kuliko ule wa zamani, na trei za ndege sasa zina vishimo vitano badala ya sita. Mahali pako pa kuweka mkate amekaa mama mmoja wa Kipunjabi. Mpole, anaimba chini chini, lakini mikate anaiweka kichwa chini miguu juu. Siku yake ya kwanza nilimkasirikia bila kosa lolote, nikaenda kulia kwenye chumba cha baridi. Nilipotoka pua nyekundu, supavaiza akadhani nimeshikwa na mafua, akanirudisha nyumbani.

Binti yako Asha hajambo. Nampitia kila Jumapili. Bado nikimsemesha Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, lakini sasa akiniaga mlangoni husema "haya basi", vile vile ulivyokuwa ukisema, na sidhani kama anajua. Sijamwambia, nisije nikamharibia.

Na mimi siko tena Wembley. Nimepanga chumba hapa hapa Hayes, dakika kumi kwa miguu kutoka kazini. Kaka Anwar, mkewe na watoto wamehamia Kanada, na Mama amekwenda nao. Mimi nimebaki. Hapo najua umeshajiweka sawa kwenye kiti unataka kusikia, na nitakusimulia. Lakini kuna jambo nililokuficha mpaka ukaingia kaburini, na habari ya kubaki kwangu haielezeki bila hilo. Ndilo lililonifanya nichelewe kuandika.

Niache nirudi nyuma kidogo, hata kama unayajua yote. Nayapenda.

Nilikuwa na miaka ishirini. Tulikuwa tumefika London mwaka uliotangulia, sisi na masanduku yetu manane, baada ya nyumba ya Tanga kutaifishwa na Baba kufariki kwa uchungu. Kaka Anwar akakodi duka dogo Wembley, la magazeti na sigara na peremende, tukalala juu yake. Mimi nikapelekwa Hayes, kwenye kiwanda cha kufungasha chakula cha ndege. Siku ya kwanza nikawekwa kwenye siagi na chumvi, wewe ukiwa kushoto kwangu kwenye mikate. Nikakusikia ukinung'unika peke yako kwa Kiswahili kwamba kofia ya wavu inakuwasha. Moyo ukaniruka! Nikakugeukia, nikakutolea Kiswahili changu chote kwa mkupuo: "Lete siagi!"

Uliniangalia kuanzia kofia mpaka viatu. "Miguu unayo," ukasema. "Nenda kachukue."

Nikaona huyu mama ana roho mbaya. Wakati wa chai ndipo ukanieleza, tena kwa upole. "Kiswahili chenu cha jikoni hakina mtu ndani," ukaniambia. "Lete. Weka. Fagia. Ngoja. Sasa nani anaetaka? Nani anaeomba? Hata mwenyewe hujitaji." Nilikuwa sijawahi kulifikiria. Mimi nilijifunza Kiswahili nikiwa nimeshika nguo ya mama yangu, yeye akiwaamuru watumishi, na mwenye kuamuru hana haja ya kujitaja. Nilidhani lugha yenyewe ndivyo ilivyo. Ukanirudisha darasa la kwanza: naomba siagi, nataka maji, sitaki hiki, nimechoka, nimeshiba. Mchana kutwa, mkanda unapita, mimi nasema naomba naomba kama ombaomba wa Ijumaa. "Jitaje kwanza," ulikuwa ukisema, "ndipo mtu ajue anasema na nani."

Ulipolijua jina langu ukapiga makofi. "Kumbe somo yangu!" Nami kwa adabu zote nikakujibu kwamba masomo nilishamaliza, nilifika kidato cha nne. Ulicheka mpaka trei kadhaa zikapita bila mkate, na sijui ndege gani ile iliyoruka siku ile abiria wake wakala siagi kwa kijiko. Kwetu sisi somo lilikuwa la hesabu au la jiografia. Nani angeniambia kwamba hata mtu wa jina lako ni somo yako, anakuwa nusu ndugu bila hata kumwomba?

Supavaiza, yule Muairishi mwenye miguu mirefu, Rukia wawili walimtia wazimu. Akakata shauri kwamba wewe uliyetangulia ni Rukia Wani, na mimi ni Rukia Tu. Nilinuna. Nyumbani mimi mtoto wa pili, shuleni wa pili kila mtihani, na sasa hata jina langu mwenyewe nimepewa la pili. Wewe ukalisikia vingine kabisa. "Hebu sikiliza vizuri anavyokwita," ukaninong'oneza. "Mie kanipa nambari kama basi. Weye kasema Rukia tu. Rukia, basi, hakuna nyongeza. Ungelijua, mwanangu, watu wanavyolitafuta hilo!" Nilicheka na wewe. Sikuelewa hata chembe, niliupenda utani tu.

Adhuhuri tulikuwa tukisali stoo, nyuma ya maboksi ya karatasi za kufutia mikono, bega kwa bega. Wewe umefunga mikono kifuani, mimi nimeiachia chini kama tunavyosali Mashia. Watu wa ofisini walituchanganya kila mara, ratiba yangu wakupe wewe, likizo yako wanipe mimi. "Mwenyezi Mungu hatuchanganyi," ulikuwa ukisema ukivaa viatu. "Yeye anaangalia mikono." Mpaka leo nikisimama kusali naitazama mikono yangu kwanza.

Sasa nyumbani kwetu. Unakumbuka siku ile tumesimama kituoni, mvua inatupiga, ukaanza kunihoji kama polisi? Ukaniuliza nikitoka hapa naenda kufanya nini. Nikasema, sisi tunafunga duka saa mbili. Ukaniuliza napenda chakula gani. Nikasema, sisi hatuli pweza. Ukaniuliza basi mume je, nataka kuolewa? Nikasema, sisi bado tunaangalia. Ukanitazama kwa ile mimacho yako. "Mtaolewa wangapi?"

Nilikasirika, siku ile sikukaa na wewe ndani ya basi. Nilikaa mbele na dirisha langu. Na hata leo nitakwambia, hiyo "sisi" yetu siidharau. Ndiyo iliyotutoa Tanga na masanduku manane tukafika bila kupotea hata mmoja. Ndiyo iliyomlaza Mama mahali pakavu. Kaka Anwar hakuwahi kununua koti kabla yetu sisi kununuliwa. Shida ni kwamba nilikaa ndani yake nikawa sijui naishia wapi, na sikujua kwamba sijui. Wewe ulinipigia methali zako, mtumai cha nduguye hufa maskini, nikakwambia kwetu hakuna cha ndugu wala cha nani, vyote vyetu. Ukakata chapati yako, ukanipa nusu.

Basi nifike nilipokuwa naogopa kufika.

Lile gari la kuwapima akina mama lilipokuja kiwandani, tuliingia sote wawili, mimi nikiona haya mpaka masikio yananiwaka, wewe ukimtania nesi kwamba mikono yake ina baridi kuliko chumba chetu. Wiki tatu baadaye karani wa ofisini akanipa bahasha. Mimi ni Rukia Hassanali, neno moja, jina la ukoo wetu tangu babu. Wewe ni Rukia binti Hassan bin Ali, na hapa Uingereza Hassan Ali. Hebu mwambie karani wa Kiingereza kwamba hao ni watu wawili! Juu ya bahasha mashine ilikuwa imeyabana majina yakagandana. Sikuwa na shaka yoyote. Niliifungua ndani ya basi, siku ya Alhamisi.

Ilisema kuna kitu kimeonekana kwenye ziwa la kushoto. Ilisema nije hospitali siku fulani saa fulani, na kwamba huenda nikahitaji kukatwa.

Siku mbili nzima, somo, niliamini nakufa. Sikumwambia mtu. Nilisimama dukani nikiuza magazeti, nikakaanga viazi, nikawasomesha watoto wa Kaka. Na unajua nilichokisikia moyoni? Hofu ilikuja, sikatai, lakini iliyotangulia ni hasira. Nilikasirika kama mtu aliyenyang'anywa kitu mkononi, halafu nikajiuliza, kitu gani? Ndipo vikaanza kutoka, kimoja kimoja, kama mende ukiwasha taa. Nataka chumba chenye ufunguo. Simtaki yule binamu wa Leicester anayepiga simu kila Jumapili kuzungumza na Kaka, si na mimi. Nataka kusoma ile kozi ya jioni ya ukalimani niliyoiona ubaoni maktaba, nikajifanya sikuiona. Nataka Jumamosi moja nilale mpaka nichoke kulala. Vitu vidogo! Nilikuwa na miaka thelathini na moja na nilikuwa sijawahi kuvisema hata kimoja, hata kichwani. Nilikuwa naosha sahani huku navisema kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kikachi vilikuwa havitoki. Nataka, nataka, sitaki, nataka.

Jumamosi nilitumwa kuchukua mzigo wa duka. Ndani ya basi nikaitoa ile barua tena, na safari hii macho yakaanguka kwenye tarehe ya kuzaliwa. Haikuwa yangu. Ilikuwa ya mtu anayenizidi miaka kumi na sita.

Nilicheka. Hilo ndilo nililokuficha. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, mama mmoja wa Kiingereza akageuka kuniangalia. Nikamshukuru Mungu, nikabusu karatasi. Basi lilipita vituo vitatu ndipo nikakumbuka kwamba tarehe ile ina mwenyewe, na mwenyewe ni wewe.

Niliibandika bahasha kwa gundi ya dukani. Jumatatu nikakukabidhi, nikasema karani amekosea, amenipa sasa hivi. Ukaniomba nikusomee. Nikaisoma kama naiona kwa mara ya kwanza, na wewe ukanishika mkono wewe, ukanituliza mimi, maana nilikuwa nalia. Ulidhani nakulilia. Nilikuwa nakulilia kweli, lakini nusu ya machozi yale yalikuwa ya aibu. Nisamehe. Nimelisema.

Mengine unayajua, ila hujui nilivyoyaona kwa upande wangu.

Siku ya hospitali uliniambia twende nikawe mdomo wako. Daktari alikuwa kijana, mwenye adabu, kalamu tatu mfukoni. Akaeleza, nikatafsiri. Akasema wakikikata sasa kuna matumaini mazuri. Nikatafsiri hilo kwa Kiswahili kizuri kuliko alivyolisema yeye, nikalipamba, nikalinyosha. Ukanisikiliza mpaka mwisho, kisha ukasema: "Mwambie sitaki kukatwa. Na usinipambie."

Nikaanza: anasema kwamba yeye… Ukanikatiza. "Sema mimi," ukaniambia. "Mie ndie ninaesema. Sema mimi sitaki."

Daktari anangoja. Somo, neno la kukubali lilikuwa limeshafika kwenye meno yangu. Lilikuwa rahisi namna gani! Ningesema ndiyo, anakubali, andika tarehe, na baadaye ningekuomba radhi ukiwa hai, unanuna, kitandani, na mimi nakulisha uji. Nilikutazama, nawe ukanitazama, hukupepesa. Nikamgeukia daktari, nikamwambia kwa Kiingereza: mimi sitaki. Mimi, Rukia, sitaki. Sauti ikanitoka kubwa kuliko chumba. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumwambia mtu wa mamlaka neno hilo, na halikuwa langu.

Tukiwa kituoni nikakuuliza, kama ningemwambia vingine je? Ukacheka. "Kiingereza changu kidogo, lakini yesi na nou nazijua." Nikakuuliza sasa kwa nini umenichukua, si ungesema mwenyewe? Ukafunga vizuri mtandio wako. "Nilitaka ulitamke weye," ukasema. "Nione kama mdomo utakufa."

Mdomo haukufa. Ukafa wewe. Miezi kumi na mmoja baadaye, nyumbani kwako, kitandani kwako, kama ulivyotaka. Nilikuwa miongoni mwa waliokuosha. Mama mmoja wa Wete, huko kwenu Pemba, aliniuliza jina, nikasema Rukia, akaacha kumimina maji, akaniangalia kana kwamba nimefanya mzaha. Nikamwambia ni jina langu pia. Akasema, "Basi shika kichwa, weye ndie mwenye haki." Nikakishika.

Nilikukasirikia sana. Nilikuwa nikikaa pale kwenye siagi nakuzoza kimoyomoyo, ung'ang'anizi gani huu, kiburi gani hiki cha Kipemba. Ndipo nyumbani kukazuka habari za Kanada.

Kaka Anwar alitangaza mezani, kama anavyotangaza bei ya maziwa. Sisi tunahamia Toronto. Ndugu yetu mmoja amepata duka kubwa, lenye maegesho ya magari, tutakaa juu yake. Jina langu lilikuwa limeshaandikwa kwenye fomu, na kazi yangu imeshapangwa: asubuhi dukani, jioni watoto, na Mama chumba kimoja na mimi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Wifi yangu alikuwa ameshaninunulia soksi nzito.

Wiki tatu nilifanya mazoezi ya neno langu kwenye mkanda, kila trei neno moja. Yule Mpunjabi alidhani nasali. Ijumaa ile, mezani, nikaweka mkate chini, nikavuta pumzi, nikasema: "Sisi hatuendi. Mimi na Mama tunabaki. Mama baridi ile haiwezi."

Umelisikia hilo, somo? Miaka kumi na moja ya kunifundisha, na lilipofika pahala pake nikasema sisi!

Kaka aliachia kijiko. Kabla hajafungua mdomo, Mama akasema. Wewe hukumjua vizuri Mama yangu. Kiswahili huku London alikitumia pale tu asipotaka wajukuu wamwelewe, na hata hapo ni kile cha amri: funga mlango, nyamaza, toa viatu. Sijawahi kumsikia akijitaja. Siku ile akanigeukia, akasema polepole, kama mtu anayepita kwenye matope: "Mimi nakwenda. Mimi nataka kwenda. Nataka kuona theluji ya kweli, hii ya hapa ni uji. Wewe ndiye hutaki. Sema wewe."

Nilitamani ardhi inimeze. Hospitalini sikuthubutu kukubadilishia wewe hata neno, na nyumbani kwangu, kwa mama yangu mzazi, nilimtungia maneno yote bila hata kumwuliza. Nilijifunika yeye kama shuka. Mwanamke wa miaka sitini na nne, na mimi mwanawe sikuwa nimewahi kufikiri kwamba na yeye ana kitu anachokitaka, tena anakitaka kwa hamu hivyo. Nilikuwa nalia kwamba hakuna anayeniuliza. Yeye nani aliwahi kumwuliza?

Nikasema basi. "Mimi siendi." Mimi peke yangu, bila Mama, bila baridi, bila sababu ya kujifichia. Nilisema kwa Kiswahili, watoto wakawa wanauliza shangazi kasema nini, na Kaka Anwar akawatafsiria kwa Kiingereza, taratibu, vile vile nilivyosema. Hakuongeza wala hakupunguza. Halafu akaniuliza atawaambia nini watu. Nikamwambia, waambie hakutaka.

Siku tisa hakusema na mimi. Siku ya kumi alinikuta nafunga vitu vyangu, akaniletea hita ya mafuta ya taa kutoka dukani, akaiweka mlangoni, akasema chumba cha Hayes lazima kitakuwa na unyevu. Tulilia sote wawili, kila mtu akiangalia ukuta wake.

Uwanja wa ndege Mama alinishika kidevu. Nilidhani ataniambia jambo kubwa. "Kula," akasema. "Lala. Andika." Amri tupu, kama zamani, na safari hii nilimsikia yeye ndani ya kila moja. Mwezi uliopita alinitumia picha amesimama kwenye theluji mpaka magotini, amevaa sari na buti za Kaka, anacheka. Hajawahi kucheka mbele ya kamera.

Kwa hiyo nipo. Sitakudanganya kwamba kila siku ni sikukuu. Wiki ya kwanza nilipika wali wa watu saba, nikaula siku nne. Kuna jioni nafika, nafungua mlango kwa ufunguo wangu, nasema salamu aleikum, hakuna anayeitikia. Lakini nikishaketi, nikavua viatu, nikajiuliza nataka kula nini, na jibu likaja, na likawa langu, somo, nasikia raha ambayo nilikuwa siijui jina. Jumamosi moja nililala mpaka saa tano. Nilichoka kulala. Nilifurahi kupita kiasi.

Kozi ya ukalimani nimeimaliza. Siku ya kwanza mwalimu alituambia kwamba mkalimani hasemi "yeye anasema", husema "mimi", kwa niaba ya mwenye maneno. Darasa zima likaona ajabu. Mimi nikainua mkono nikasema hilo nilifundishwa kituo cha basi. Kuanzia mwezi ujao nitakuwa hospitalini siku mbili kwa wiki, kwa akina mama wa kwetu wasiojua Kiingereza, au wanaokijua lakini kinawakimbia wakimwona daktari. Nakuahidi hivi: mtu akisema sitaki, nitasema sitaki yake kama alivyoisema. Hata ikinikata moyo. Na nikiona mtu anasemewa na mumewe au mwanawe, nitamwuliza yeye.

Limebaki moja, kisha nikuache upumzike. Zile siku mbili nilizodhani barua ni yangu, hukuniuliza niliamua nini, maana hukujua. Niliamua kabla basi halijafika kituo cha pili. Niliamua wanikate. Wakitaka ziwa wachukue, wakitaka na mkono wachukue, mradi niamke baadaye. Kwa hiyo siku ile mbele ya daktari, niliposema kwa sauti kubwa mimi sitaki, nilikuwa nimeshajua kwamba mimi ningetaka. Nilitamka lako, langu limekaa kimya pembeni, na yote mawili yalikuwa kweli. Kwa miaka yote nilidhani nikijipata nitakukuta wewe, maana nilikupenda hivyo. Sikukukuta. Nilimkuta mwanamke mwingine, mwoga kuliko wewe, mwenye tamaa ya maisha kuliko wewe, na sikubaliani na ulivyokufa. Hata leo sikubaliani.

Jumanne nakwenda kupimwa. Hakuna aliyeniita, nimeomba mwenyewe, na jina nimelitamka herufi kwa herufi mpaka karani akachoka. Wakikuta kitu wakasema kikatwe, nitasema ndiyo, na usinikasirikie. Lala, Bi Rukia wangu. Mungu akupe nafasi na mwanga hapo ulipo, na Fatiha zangu zikufikie na mikono yake chini. Nitakukumbuka nikiwa mzee, ahadi hii naiweka, nitakuwa kizee kikongwe cha Hayes kisicho na meno.

Mimi nataka kuishi.